Hasira ya Uwanjani Hulipwa Nyumbani

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani haliwahusu wazazi, bali ni la vijana na mwamuzi wao tu. Jambo lenyewe ni hili: mchezaji kumpiga au kumtukana mshabiki aliyekuja kumtazama.

Sisemi kwamba michezo ni mibaya. Sisi watu wa Tabora twaipenda sana. Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya shule, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, yalifanyika hapa kwetu, tukawapokea watoto wa mikoa yote. Tena timu yetu ya Tabora United ilipoingia Ligi Kuu katika msimu wa 2023/24, wengi walikwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hata wasiokuwa na desturi ya kutazama mpira. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorinto, alitoa mfano wa washindani wa mbio, jinsi wanavyojinyima mambo mengi ili wapate taji. Angalieni neno hilo la kujinyima. Mshindani wa kweli hajinyimi pombe na usingizi tu. Hujinyima hasira pia.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni kwamba anayecheza mbele ya watu wake hupata zawadi na sifa. Lakini je, yule anayewageukia watu hao hao na kuwapiga, atatunzwa na nani?

Wengi wenu mtakumbuka lililotukia Bukoba mwezi wa Januari 2018. Simba walikuwa wamewafunga Kagera Sugar mabao 2 kwa 0 katika Uwanja wa Kaitaba. Mchezo ulipokwisha, wachezaji walikuwa wakitoka, na mshabiki mmoja akamkejeli Juma Nyosso, mlinzi wa Kagera Sugar. Nyosso akampiga, yule mtu akaanguka, akazimia, ikabidi apelekwe hospitali. Mchezaji alikamatwa na polisi. Baadaye Kamati ya Nidhamu ya TFF ikamfungia mechi 5 na kumtoza faini ya shilingi 1,000,000. Kumbukeni kwamba mchezaji huyo alikuwa amekwisha kufungiwa miaka 2 tangu mwaka 2015, kwa kumdhalilisha mpinzani wake uwanjani. Simtaji ili nimhukumu, maana hukumu ilikwisha kutolewa na wenye kazi hiyo. Namtaja kwa sababu yeye alikuwa mtu mzima, mwenye ujuzi wa miaka mingi, na hata hivyo kejeli ya mtu mmoja ilimshinda. Basi kijana wa miaka 19 au 20 atafanyaje asipofundishwa mapema?

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao. Kule Uingereza, Januari 1995, Eric Cantona wa Manchester United alitolewa kwa kadi nyekundu. Alipokuwa akitoka, mshabiki mmoja akamtukana, naye akaruka akampiga teke. Hakucheza tena mpaka mwisho wa Septemba mwaka ule. Mahakama ilimhukumu kwenda jela wiki 2, na alipokata rufani adhabu ikageuzwa kuwa saa 120 za kuwatumikia watu. Saa hizo alizitumia kuwafundisha watoto mpira. Lakini yule mshabiki pia hakuachwa. Alishtakiwa, akatozwa faini, akakatazwa kuingia viwanjani.

Na huko Marekani, ambako michezo ya vyuo hutazamwa na maelfu ya watu, palikuwa na kijana Marcus Smart, mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha Oklahoma State. Tarehe 8 Februari 2014, karibu na mwisho wa mchezo, alianguka kati ya watazamaji. Mtu mmoja akamwambia neno, naye akasimama akamsukuma. Alikuwa na miaka 19. Alifungiwa michezo 3, na timu yake ikashindwa michezo yote hiyo 3. Ndipo mtaona kwamba aliyesukuma ni mmoja, lakini walioumia ni timu nzima. Kijana yule aliomba radhi mbele ya watu, akapokea adhabu yake, akarudi kucheza. Mwaka 2022 akachaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kwa hiyo kosa si mwisho wa maisha, ikiwa mkosaji akubali kurudi nyuma na kujirekebisha.

Lakini ya mbali husikika kama hadithi. Sasa nawaambieni niliyoyaona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, timu za vyuo viwili zilikuwa zikishindana hapa mjini. Majina ya vyuo sitayataja. Kijana mmoja, hodari kweli, akakosa penalti. Watazamaji waliokuwa kando ya uwanja wakamcheka. Mmoja wao, kijana kama yeye, akamwambia neno baya juu ya mama yake. Mchezaji akaacha mpira, akamkimbilia, akamsukuma kwa nguvu zake zote. Yule kijana akaanguka kinyumenyume juu ya mama mmoja aliyeketi chini akiuza karanga. Mkono wa kijana ukavunjika. Sinia ya mama ikapinduka, karanga zote zikamwagika na kukanyagwa na watu waliokuwa wakikimbia.

Fikirini, wapendwa. Mama yule hakumtukana mtu. Hakuwa hata na timu aliyoishangilia. Alikuwa akitafuta fedha ya unga.

Chuo kikamtoa kijana katika timu, kikamwita baba yake. Mzee huyo ni jamaa yangu kwa upande wa mke, mkulima wa tumbaku upande wa Urambo. Akafikia nyumbani kwangu. Alfajiri nilipotoka nilimkuta ameketi uani, amekwisha kuvaa koti lake. Nikamwamkia, “Mwangaluka, baba.” Akaitikia, kisha akanyamaza kitambo. Mwishowe akasema, “Nimeuza tumbaku ili mtoto asome. Sasa naiuza ili nilipe mkono wa mtoto wa mwenzangu.” Sikuwa na neno la kumjibu.

Siku ile baba na mwana walikwenda kwa wazazi wa yule aliyevunjika mkono, wakaomba radhi, wakapatana juu ya gharama za matibabu. Kisha mzee akamwongoza mwanawe mpaka kwa mama muuza karanga. Kijana akapiga magoti, akamlipa mama karanga zake kwa fedha ya mfuko wake mwenyewe, iliyokuwa ya kununulia viatu vya mpira. Mama akapokea, akamwambia, “Inuka, mwanangu. Mimi nimekwisha kusamehe.” Lakini fedha ya tumbaku haikurudi, na mdogo wa kijana huyo, msichana, alichelewa kwenda shule muhula ule kwa kukosa mahitaji yake. Hayo ndiyo matunda ya hasira ya dakika moja. Wahenga walifupisha yote kwa maneno mawili tu: hasira, hasara.

Tena yule baba aliponea chupuchupu. Kama wenzake wasingekubali kupatana, kijana angefika mahakamani. Wapo vijana wanaodhani kwamba yanayotendeka uwanjani huamuliwa na refa peke yake. Sivyo. Sheria ya 12 ya mpira yasema wazi kwamba mchezaji anayetumia ukatili juu ya mtazamaji atolewe kwa kadi nyekundu, sawasawa na anayempiga mchezaji mwenzake. Na zaidi ya sheria za mpira ipo sheria ya nchi. Kwa kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, anayempiga mwenziwe na kumdhuru aweza kufungwa hadi miaka 5. Jezi ya chuo haimkingi mtu.

Sisi wa Kanyenye twaishi katika njia ya zamani ya misafara. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo na pembe za ndovu kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Msafara haukuweza kubeba chakula cha njia nzima. Ulinunua mtama na viazi katika vijiji ulivyopita. Kwa hiyo mpagazi mwenye akili alijua kwamba kumpiga mwenyeji ni kujifungia mlango wa chakula, yeye na wenzake wote, na hata msafara utakaofuata nyuma. Mchezaji naye ni kama msafiri. Mshabiki ndiye mwenyeji anayemlisha kwa kiingilio chake, kwa makofi yake na kwa jina jema analolitangaza. Lakini mwenyeji naye ana wajibu wake. Hapaswi kumrushia mgeni mawe apitapo.

Basi nawaombeni mambo matatu. Kwanza, ninyi vijana mnaocheza: neno la kejeli likiwafikia, mtazameni kapteni wenu, wala msimtazame aliyelisema. Kama limezidi, mwambieni mwamuzi. Kumnyamazia mpumbavu si woga. Bwana wetu mwenyewe alidhihakiwa mbele ya watu, naye hakurudisha matusi.

Pili, sisi tunaotazama. Tushangilie, tupige ngoma na vigelegele, hata tutanie kwa adabu. Watu wa nchi hii twajua utani, na utani una mipaka yake. Lakini kumtukania mtu mama yake si utani. Yule unayemtukana ni mtoto wa mtu, na mama yake huenda yuko shambani saa ile ile, akipalilia ili mtoto apate karo. Mzazi anayetukana uwanjani siku ya Jumapili mchana, baada ya kupokea Komunyo asubuhi, amfundishe nini mwanawe aliyeketi kando yake?

Tatu, wazazi wenzangu. Mtoto hajifunzi kujizuia siku ya fainali. Hujifunza nyumbani, anapogombana na ndugu yake juu ya kipande cha muhogo nasi tukamwamuru aombe radhi. Hujifunza anapotuona sisi tumetukanwa na jirani juu ya mpaka wa shamba, tukaenda kwa wazee badala ya kushika fimbo. Hujifunza pia anapotuona tukienda kuungama. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Likizo ikifika na watoto wenu warudi kutoka vyuoni, waulizeni habari za masomo. Waulizeni pia habari za michezo: nani alishinda, nani alishindwa, na walioshindwa walitokaje uwanjani. Wasikilizeni mpaka mwisho. Na kama mmoja anaficha jambo, msingoje chuo kiandike barua. Mpeleke mwenyewe kwa yule aliyemkosea, wakati bado ni deni dogo linaloweza kulipika.

Mimi mwenzenu,
Kanyenye, Tabora