Dakika Tatu za Mheshimiwa

Je, umewahi kupewa dakika tatu za kufanya kazi ambayo kwa kawaida huifanya kwa nusu saa? Mimi nimepewa, na nakusimulia yaliyonipata.

Nilitumwa kumpiga picha kiongozi mmoja, ambaye jina lake silitaji, mara tu atakapofunga mkutano. Msaidizi wake aliniambia kwamba nina dakika tatu. Nilijiona hodari, nikafika mkutano unakaribia kwisha. Nilikuwa bado natafuta mahali penye mwanga Mheshimiwa alipoingia. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na jua la saa kumi lilimmulika kisogo. Dakika ya kwanza ilipotea katika kuvuta pazia lililogoma. Ya pili na ya tatu alizimaliza akizungumza na simu. Ilinipasa kusema, "Samahani, Mheshimiwa, naomba uiweke simu chini." Ulimi ulikuwa mzito. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikaambulia picha 11 za sikio na simu.

Usiku ule nilimkumbuka Yousuf Karsh, Mwarmenia aliyekimbilia Kanada akiwa kijana, ambaye habari zake tulifundishwa chuoni. Tarehe 30 Desemba 1941 Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alihutubia Bunge la Kanada mjini Ottawa. Vita vilikuwa vimepamba moto. Hakuna aliyekuwa amemwarifu kwamba atapigwa picha. Taa zilipowashwa katika chumba cha Spika alinguruma kwa hasira, kisha akakubali picha moja tu. Karsh alimsogezea kisahani cha majivu, lakini mzee hakuiachia sigara yake nene. Basi Karsh akairudia kamera, akahakikisha kila kitu ki tayari, akamwendea tena, akaomba radhi na kuichomoa ile sigara kinywani. Uso ule uliokunjamana kwa ghadhabu ndio ulioenea duniani; mwaka 2016 Benki Kuu ya Uingereza iliuweka kwenye noti ya pauni 5.

Watu husifu ujasiri wa kunyakua sigara. Mimi nausifu zaidi usiku uliotangulia, kwa maana Karsh alikuwa amekwisha kupanga taa na kamera yake humo chumbani tangu jana yake. Mkono wake ulikuwa huru kufanya utundu kwa sababu haukuwa na pazia la kuvuta. (Na picha ya pili aliipata vilevile, Churchill akitabasamu, hiyo haikumbukwi sana.)

Mhariri wangu alizitazama zile picha zangu, asinigombeze. Alimtuma mtu maktaba akatoe picha ya zamani. Jumapili mama alinunua gazeti mapema, kama ilivyo desturi yake, akavaa miwani na kulitafuta jina langu chini ya picha. Jioni aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa.