Begi la Nyuma ya Mlango

 

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wananisimamisha njiani au pale bombani na kuniuliza: "Mwalimu, mtoto nimnunulie begi gani?" Wengine pesa wameifunga kwenye ncha ya kitenge, na unaona kabisa kwamba hawana nyingine. Mimi zamani nilikuwa najibu haraka haraka: "Chukua lolote, mradi linafunga." Jibu hilo lilikuwa baya. Leo nataka kulirekebisha, na ili nilirekebishe inabidi nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nyumbani kwetu kulikuwa na begi moja la mgongoni, jeusi, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Tangu nikiwa mtoto nilijua kwamba haliguswi. Ndani yake mama aliweka karatasi zote za familia, kitenge kimoja, sweta, kisu, kiberiti kilichofungwa vizuri na kopo la chumvi. Sisi watoto tulikuwa tunaliita begi la vita. Mama hakupenda jina hilo. Yeye anasema sakoshi tu.

Mama alitoka Fizi mwaka 1996, vita ilipofika kwetu. Alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti mpaka Kigoma. Mgongo wake haukuwa na nafasi ya begi, kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa mgongoni, ana miezi tisa. Vitu vilikuwa kwenye furushi kichwani. Maji yaliingia kwenye boti, furushi likalowa, na waliposhuka ufukweni kitambulisho cha baba na karatasi ya ubatizo ya dada vilikuwa vimekuwa uji. Hata leo mama akieleza safari ile, haanzii kwenye risasi. Anaanzia kwenye zile karatasi.

Mimi nilizaliwa hapa hapa kambini miaka mitatu baadaye. Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilipofungwa, na watu wake waliobaki wakaletwa kwetu Nyarugusu, mama aliwaona wanateremka kwenye magari na mizigo yao, watu waliodhani wamekwisha kufika. Baada ya hapo alinunua ile sakoshi, akaijaza, akaitundika. Alisema: "Safari haipigi hodi."

Nilipomaliza sekondari na kuanza kufundisha kwa kujitolea, nikahitaji begi la kubebea madaftari ya wanafunzi. Nikamwomba mama anipe lile. Akakataa katakata. "Weye mwana, ile haiko ya shule. Tafuta yako."

Nikatafuta yangu. Nililipa shilingi 8,000, jipya kabisa, linang'aa, lina picha ya mchezaji wa mpira. Sikuangalia kitu kingine chochote ila ile picha.

Mwezi wa tatu mwaka 2022 nikaitwa kwenye usaili wa mafunzo ya walimu. Waliomba tulete diploma zenyewe, si kopi. Asubuhi mama akaniambia: "Funga karatasi na nailoni." Mimi nikacheka. Nikamjibu: "Mama, hili ni begi, si mtumbwi." Ndiyo aibu yangu hiyo, ndugu wasomaji. Nilimcheka mtu aliyevuka ziwa.

Usaili ulikwenda vizuri. Waliniambia nirudi wiki inayofuata na diploma ile ile ili waiandikishe. Wakati narudi, mvua ya masika ikanikuta pale bondeni, mahali ambapo hakuna hata kibanda cha kujikinga. Nikakimbia. Mkanda mmoja ukang'oka kwenye mshono, begi likageuka, zipu ikafunguka, na kila kitu kikamwagika kwenye tope jekundu. Nilipofika nyumbani, jina langu kwenye diploma lilikuwa bado linasomeka. Muhuri ulikuwa umegeuka wingu la bluu, na sahihi moja imeondoka kabisa.

Mama hakusema neno. Alitandaza karatasi juu ya mkeka, akaiacha ikauke, halafu akaweka kitenge juu yake na kupiga pasi ya mkaa polepole. Karatasi ikanyooka. Muhuri haukurudi. Wiki iliyofuata niliambiwa kwa upole kwamba karatasi isiyo na muhuri haiwezi kuandikishwa, na nafasi akapewa mwingine. Kupata diploma nyingine inabidi mtu afuatilie Kongo, nchi ambayo mimi sijawahi kuikanyaga.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mzee mmoja wa Uvira anayeshona viatu na mabegi, nikamuuliza kwa nini begi jipya limekatika. Alilishika, akaligeuza nje ndani, akacheka. Halafu akanifundisha. Haya ninayowaandikia mengi ni yake, mengine nimeyasoma na kuyajaribu mwenyewe.

Kwanza, ukubwa. Mabegi yanapimwa kwa lita, na sisi lita tunazijua kuliko watu wengi. Angalia dumu lako la maji la lita 20. Kijana wa sekondari au mwalimu begi lake la kila siku ni kiasi hicho, au lizidi kidogo mpaka lita 25. Mtoto mdogo anatosheka na dogo zaidi. Begi la lita 40, yaani madumu mawili, ni la safari. Usimnunulie mtoto begi kubwa ukisema atakua nalo. Begi kubwa linajazwa tu, na anayebeba ni yeye.

Pili, uzito. Wataalamu wa afya wanashauri mzigo wa mtoto mgongoni usizidi sehemu 10 mpaka 15 katika 100 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 basi abebe kilo 3 mpaka 4 na nusu. Chupa ya maji ya lita moja peke yake ni kilo moja. Ukiona mtoto anainama mbele anapotembea, usimwambie anyooke. Punguza mzigo.

Tatu, mikanda. Hapa ndipo mimi nilipopotea. Ingiza mkono ndani ya begi, tafuta pale mkanda unapoungana na mgongo wa begi. Kama kuna mstari mmoja tu wa uzi, liache. Mshono mzuri umerudiwa, mara nyingi unafanya kama kisanduku chenye alama ya X katikati. Mkanda uwe mpana na wenye sponji, kwa sababu mwembamba unakata bega. Kwa safari ndefu, au ukienda shambani ambako unainama na kupanda mlima, mkanda wa kifuani unazuia begi lisicheze, na ule wa kiunoni unahamisha sehemu ya uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Lakini kuni msiziweke kwenye begi, zitatoboa. Kuni zina kamba yake.

Nne, zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi mbele ya muuzaji, hasa kwenye kona. Ikikwama mara moja dukani, nyumbani itakwama kila siku. Zipu nzima ikiwa nzito, isugue na mshumaa au sabuni kavu, itateleza.

Tano, kitambaa. Ndani ya mabegi mengine kuna lebo imeandikwa 420D au 600D. Hiyo D ni kipimo cha unene wa uzi: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene. Lakini namba pekee haitoshi. Begi la mitumba linaweza kuwa na kitambaa kigumu nje, na ule utando wa ndani unaozuia maji umekwisha kuoza. Pitisha kidole ndani. Kikinata, au ukaona magamba yanabanduka, utando umekufa.

Sita, na hili mama alilijua kabla yetu sote: hakuna begi la kawaida linalozuia mvua yote. Maji yanapita kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu hata kama kitambaa ni kizuri. Kinachookoa karatasi ni mfuko wa ndani. Tangu mwezi wa sita mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo msitafute ile. Sisi tunatumia nailoni ngumu iliyokuja ndani ya gunia la sukari. Osha, kausha, weka karatasi, kunja mdomo mara tatu, funga.

Na unapopanga, kitu kizito kiwe karibu na mgongo, katikati, si chini kabisa wala si nje. Begi lile lile litakuwa jepesi ukilipanga hivyo.

Sasa narudi nyumbani, kwa sababu habari ya lile begi la mama haijaisha.

Familia yetu ilikuwa na faili la kwenda Marekani, kama familia nyingi hapa. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025 tukasikia kwamba safari za wakimbizi kwenda kule zimesimamishwa. Wiki ile ile redio zikasema Goma imechukuliwa na M23. Usiku huo hakuna aliyeongea sana kwetu. Mbele pamefungwa na nyuma panawaka. Mama akainuka, akaenda mlangoni, akaishusha sakoshi yake. Sijui alitaka kuifungua au kuishika tu.

Mkanda ukabaki mkononi mwake.

Tukaleta taa. Utando wa ndani ulikuwa umegeuka gundi, unanata kwenye vidole kama utomvu. Zipu imeshika kutu. Sweta limeliwa na wadudu. Lakini karatasi zote, alizozifunga kwa nailoni tatu moja juu ya nyingine, zilikuwa kavu kama siku alipoziweka. Mama alikaa na lile begi mapajani muda mrefu. Kisha akasema: "Miaka 16 nimeitunza isichoke, kumbe imechoka yenyewe."

Ndugu zangu, pale ndipo niliona kwamba sisi wawili tulikosea kila mtu upande wake. Mimi nilinunua begi la leo tu, sikufikiri siku ya mvua. Mama alitunza begi la siku moja ya mbele, na miaka yote hiyo halikumbebea mtu hata daftari. Kama tungetoka nalo usiku ule, lingekatika kabla ya kufika barabarani, na tungejifunza kasoro yake njiani, kwenye giza. Begi unalobeba kila siku unalijua. Uzi ukilegea unauona Jumatatu, Jumanne uko kwa fundi.

Kesho yake tulikwenda sokoni pamoja. Mama ndiye aliyechagua. Alivuta mikanda kama anavuta kamba ya mbuzi, akapitisha kidole ndani, akafungua na kufunga zipu, halafu akaomba kikombe cha maji ayamwage juu ya begi. Muuzaji akapiga kelele: "Mama, unaniharibia mali!" Mama akamjibu taratibu: "Mwanangu, kama maji ya kikombe yanaiharibu, masika itaifanya nini?" Watu wakacheka, hata muuzaji mwenyewe akacheka. Tulilichukua kwa shilingi 15,000, la mitumba, kijivu, lita kama 30, halina picha yoyote. Mzee wa Uvira akaongeza mshono wa pili kwenye mikanda.

Sasa utaratibu wetu ni huu. Asubuhi nakwenda nalo shuleni na madaftari ya wanafunzi. Jioni natoa madaftari, naliangalia, nalitundika kwenye msumari ule ule nyuma ya mlango. Karatasi za familia ziko kwenye nailoni yake pembeni, na diploma yangu isiyo na muhuri imo humo pia. Ikija safari, iwe ya kurudi, ya kwenda mbele, au ya kuhamishwa tu tena, ni kuingiza ile nailoni na kufunga. Na ikiwa safari haiji, watoto wanapata madaftari yao yakiwa makavu.

Kwa hiyo mzazi utakayenisimamisha bombani, jibu langu jipya ni hili: nunua begi moja ambalo mtoto atalibeba kila siku, lakini lichague kana kwamba kuna siku atabeba ndani yake kitu ambacho hakinunuliki tena. Vuta mikanda. Pitisha kidole. Omba kikombe cha maji. Na mama yako akikwambia funga karatasi na nailoni, usicheke.

Mama bado hajaniamini kabisa. Kila jioni nikishatundika begi, anapita, anavuta mkanda mara moja, anakwenda kulala.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, Nyarugusu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.