Imbwa wa njia ya mugodi

Siku ukitoka Lubumbashi kuelekea kusini-magaribi, kilometre karibu 30, utafika Kipushi. Mupaka wa Zambia uko pale pale; utasema majogoo ya inchi mbili yanajibizana. Inua macho uone munara mukubwa wa chuma. Umesimama juu ya shimo linaloitwa Puits V, lenye kushuka zaidi ya metre 1,200 chini ya udongo. Tangu 1924 watu walichimba Kipushi shaba na zinki, kwanza chini ya Union Minière, halafu chini ya Gécamines.

Kwa mutoto wa kambi ya wafanyakazi, Kipushi yote ilikuwa njia moja: kutoka nyumbani mupaka mulango wa mugodi. Sisi njia ile tulionyeshwa na imbwa.

Jina lake Baseme. Alikuwa imbwa wa kwetu tu, rangi ya udongo, masikio juu, mukia umejikunja. Mwenyewe alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Unajua desturi yetu: imbwa anapewa jina ili jirani asikie. Muke wa jirani alichoka na maneno ya watu, akasema, "Waache baseme!" Jina likabaki.

Baba na jirani walikuwa kikosi kimoja cha kazi. Asubui Baseme aliwasindikiza mupaka mulangoni, akarudi. Mangaribi, mbele king'ora hakijalia, alisimama, akajikunguta, akaenda. Mama hakuhitaji saa. Akiona Baseme ametoka, aliweka maji ya bukari motoni. Na wakati wa mvua, mama zetu walipoingia pori kutafuta bowa, Baseme alitangulia penye vichuguu, kwa sababu ya nyoka.

Halafu zikaja siku mbaya. Mwaka wa 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa katika miji ya migodi ya Katanga, zaidi Likasi na Kolwezi. Jirani yetu alikuwa wa asili ile. Alikaa miaka mingi kati yetu, watoto wake walizaliwa hapa, lakini aliona heri awatoe kwa treni mbele mambo hayajaharibika. Usiku wa mwisho alikuja na Baseme amefungwa kamba.

"Yaya," alimwambia baba, "mu treni watu wenyewe hawatapata nafasi. Nakuachia ye. Njia ya kazi anaijua."

Baba alijibu, "Atakungojea."

Kesho yake watu fulani wakaanza kucheka: "Munalisha imbwa wa mugeni? Na wenyeji je?" Mama aliendelea kutwanga sombe. Alijibu neno moja tu: "Baseme."

Mwaka ule ule wa 1993 kazi ya kuchimba ilisimama. Baba alishika jembe. Nyumbani tukala mara moja kwa siku, na Baseme akapewa ukoko wa bukari chini ya chungu. Wako walioshauri tumuuze. Mama alisema, "Ya batoto ikipatikana, na yake itapatikana."

Lakini saa ile ya mangaribi ikifika, Baseme alisimama, akajikunguta, akaenda mulangoni. Watu wachache walibaki kazini kulinda mapompe, maana mugodi ule unajaa maji upesi. Walimuzoea, wakamutupia kipande. Sisi watoto tulitaka kumufunga. Baba alikataa: "Muache aende. Kazi yake haijasimama."

Pengine umesikia juu ya Hachikō, imbwa wa Japani. Bwana wake alikufa 1925, naye akaendelea kumungojea kwenye gare ya Shibuya, Tokyo, mupaka 1935. Yeye alitengenezewa sanamu. Baseme hana sanamu, lakini wazee wa kambi wangali wanamukumbuka.

Siku moja barua ilitoka Mbuji-Mayi. Jirani alisalimu wakubwa, akasalimu watoto mumoja mumoja kwa jina, halafu akauliza: "Na Baseme?" Baba aliandika jibu mwenyewe: yuko, anakula tunachokula, na mangaribi anatoka. Baseme alikufa na uzee, tukamuzika chini ya muembe. Na ile habari baba aliituma.

Leo ukienda Kipushi utakuta kazi imerudi: tangu mwezi wa 6 mwaka 2024 zinki inatoka tena. Vijana wanapita njia ile ile, na imbwa wangali wanalala pembeni yake. Usiwatupie mawe. Kama unafuga, mupeleke kwa munganga wa wanyama apigwe sindano ya kichaa cha imbwa. Na mutu akiumwa na imbwa, oshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu aende hospitali siku ile ile.

Na kama jirani aliyelazimishwa kuhama amekuachia kitu, nyumba au shamba au imbwa, umulindie vizuri. Watu wakisema, wewe unajua jibu.