Sahani Iliyochakaa

Mkusanyaji wa sahani za santuri ni mtu mwenye adabu zake mwenyewe. Aingiapo katika nyumba ya watu hatazami picha zilizotundikwa ukutani, wala hapimi uzuri wa kiti alichokaribishwa kukaa. Macho yake hushuka sakafuni, chini ya meza na nyuma ya milango, mahali ambapo masanduku husahauliwa. Akipewa sahani huishika kwa ukingo, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha huku na huku, kisha akasoma herufi ndogo zilizochorwa karibu na tundu la katikati. Hayo yote huyafanya kabla ya kufikiri kuisikiliza. Wako ambao hawaisikilizi kabisa.

Mjini Philadelphia, nchini Marekani, alikuwako mwalimu wa shule ambaye kwa muda wa miaka ishirini alikusanya sahani za namna moja tu. Zilikuwa za muziki ambao wenyewe huuita soul jazz, yaani jazi ya roho. Msomaji aliyekulia kwenye nyimbo za Morogoro Jazz au Western Jazz asidanganywe na jina. Bendi zile zilichukua jina la jazi, lakini miguu ya wachezaji wake ilifuata rumba. Jazi ya roho ni kitu kingine. Ilizaliwa katika miaka ya 1950, baada ya jazi ya wakati ule kuwa ya mbio na ya hesabu nyingi, hata watu wa kawaida wakaanza kuikimbia. Wapigaji kadha waligeuka wakatazama walikotoka: kanisani, ambako waumini humwitikia mhubiri kwa makofi, na katika bluzi, nyimbo za huzuni na ubishi za Wamarekani weusi. Horace Silver alipoleta utunzi wake uitwao The Preacher mwaka 1955, Alfred Lion, mwenye kampuni ya Blue Note, aliuona wa kizamani mno akataka kuuacha. Ulipotoka ukapendwa sana. Tangu hapo muziki huu umekuwa na bahati hiyo moja: wajuzi huushuku na umati huupokea.

Chombo chake kikuu ni kinanda cha Hammond. Laurens Hammond wa Chicago alikitoa sokoni mwaka 1935, na makanisa yasiyoweza kununua kinanda kikubwa cha mabomba yakakipokea kwa furaha. Ndani yake hamna mabomba wala pumzi. Katika aina iitwayo B-3 mna magurudumu madogo ya chuma 91, yazungukayo mbele ya sumaku, na kila gurudumu huzaa sauti yake kwa umeme. Sauti hiyo hupelekwa katika sanduku la Leslie, ambamo pembe huzunguka bila kutua, na kwa mzunguko huo sauti hutetema kama ya mtu anayezuia kilio. Kinanda chenyewe, pamoja na benchi na kanyagio zake, hukaribia uzito wa kilo 200. Baadhi ya wapigaji walikisafirisha kwa magari ya kuchukulia maiti, kwa kuwa hayakuwako mengine yenye urefu wa kutosha na sakafu ya chini.

Jimmy Smith, mzaliwa wa Norristown karibu na Philadelphia, alikuwa mpiga piano. Husimuliwa kwamba baada ya kumsikia Wild Bill Davis alinunua kinanda cha Hammond, akakiweka ghalani, akajifungia nacho karibu mwaka mzima hata miguu yake ikajua njia bila kuangaliwa. Alipotoka, mkono wake wa kulia ulikimbia kama saksafoni, wa kushoto ulisaidiana na mguu kushika sauti nene ya chini, na mtu mmoja akawa kundi zima. Blue Note ikatoa sahani yake ya kwanza mwaka 1956. Hapakupita muda mrefu, baa nyingi za mitaa ya watu weusi katika Philadelphia, Newark na Harlem zikataka kuwa na kinanda. Sanaa ilikuwa sababu moja na fedha ilikuwa nyingine: kinanda, gitaa na ngoma, watu watatu, walijaza ukumbi uliozoea kuwataka watano au sita, na mwenye baa alilipa mishahara mitatu. Wala haikuwa kazi ya wanaume peke yao. Shirley Scott wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 2002, alikipiga kinanda hicho kwa upole na akili ambavyo wanaume wengi wenye nguvu hawakuvifikia.

Sahani za plastiki nazo zilikuja kwa wakati wake. Ile kubwa ya inchi 12, izungukayo mara 33 na theluthi kwa dakika, ililetwa na Columbia mwaka 1948. Ile ndogo ya mizunguko 45 ililetwa na RCA Victor mwaka uliofuata. Jazi ya roho ilizihitaji zote mbili. Sahani kubwa ilimpa mpigaji nafasi ya kusema neno lake lote: The Sermon, wa Jimmy Smith, uliopigwa Februari 1958, una dakika 20 na hujaza upande mzima. Sahani ndogo ilikwenda katika zile mashine za baa ambazo hutumbukizwa sarafu. Utunzi mrefu ulikatwa vipande viwili, kimoja upande huu na kimoja upande ule, na mnywaji aliyetaka kuusikia hadi mwisho alilipa mara mbili.

Nyingi katika hizo zilinaswa na mtu mmoja, Rudy Van Gelder, ambaye mchana alikuwa mpima macho, na nje ya saa za kazi alinasa muziki katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack. Mwaka 1959 aliaga miwani za watu akajenga nyumba ya kunasia sauti huko Englewood Cliffs, yenye dari ya mbao iliyoinuka kama ya kanisa. Alichonga mwenyewe sahani za asili zilizotoa nakala, na jina lake, au herufi zake tatu, huonekana karibu na kitovu cha sahani. Kando yake kiwanda cha Plastylite, kilichozichapa sahani za Blue Note hadi mwaka 1966, kilitia alama yake, herufi P iliyopindwa hata ikafanana na sikio. Wakusanyaji huiita hivyo hivyo, sikio. Nakala yenye sikio ni ya zamani, na isiyo nalo huenda ilitoka baada ya kampuni kuuzwa kwa Liberty. Jalada haliaminiki kiasi hicho. Jalada la Mercy, Mercy, Mercy! la Cannonball Adderley hutangaza kwamba muziki ulipigwa klabuni, kumbe ulipigwa mwaka 1966 ndani ya studio ya Capitol huko Hollywood, mbele ya wageni walioalikwa.

Basi mkusanyaji hutafuta sikio, na juu ya sikio hutafuta usafi. Sahani isiyo na mkwaruzo hupewa daraja la juu na bei ya juu; iliyochakaa hutupwa pembeni. Bei hizo zilipanda zaidi vijana wa rapu walipoanza kukata vipande vya sahani hizi na kuvitia katika nyimbo zao, kama kundi la A Tribe Called Quest lilivyofanya mwaka 1990 kwa Spinning Wheel ya Lonnie Smith, iliyopigwa mwaka 1970. Hakuna ubaya katika kupenda kitu safi. Lakini yafaa kukumbuka jinsi usafi huo unavyopatikana. Sindano hula mfereji wa sahani kidogo kidogo kila ipitapo, na sindano za zamani, nzito na butu, zilikula zaidi, hasa karibu na katikati ambako mfereji hupita polepole chini yake. Sahani iliyopendwa ikapigwa kila Jumamosi haikuweza kubaki safi. Iliyobaki safi aghalabu ni ile ambayo hakuna aliyeitaka.

Mwalimu yule alilijua jambo hili kwa kichwa. Siku moja ya baridi aliitwa na bibi mzee wa Philadelphia ya Kaskazini, ambaye kaka yake alikuwa amefariki na kuacha masanduku mawili ya sahani. Alipiga magoti sakafuni akaanza kuzipitia. Katikati ya sanduku la pili alikuta nakala mbili za Back at the Chicken Shack, sahani ya Jimmy Smith iliyopigwa Aprili 1960 na kutoka mwaka 1963. Moja ilikuwa na jalada lililofungwa kwa utepe, na uso wake ulikuwa wa kijivu kwa mikwaruzo. Ya pili ilikuwa nyeusi inayong'aa, yenye jina la Van Gelder na sikio, kama iliyotoka kiwandani asubuhi ile.

Aliuliza kwa nini marehemu alinunua mbili.

"Hiyo nzuri alimnunulia mama yetu," bibi alisema. "Mama alikuwa mtu wa kanisa, mwanangu. Hakuitaka ndani ya nyumba yake. Alisema ni muziki wa baa."

Bibi alitaka dola tano kwa kila sahani, nzuri na mbovu sawasawa. Mwalimu alijua kwamba ile safi peke yake ilizidi dola mia. Alilipa alichotajiwa, akashukuru, akabeba masanduku hadi garini. Sheria ya biashara haikumlaumu, na wenzake wangalimpongeza.

Usiku ule aliisikiliza ile safi. Kinanda kilikuwa hai, gitaa la Kenny Burrell lilisimama mahali pake, na saksafoni ya Stanley Turrentine ilikuwa nene kama asali ya msituni. Hakuna kilichokosekana. Kisha, kwa udadisi tu, akaiweka ile iliyochakaa. Ilivuma na kupasuka kama kuni mbichi. Mikwaruzo haikuwa imetawanyika ovyo. Ilisongamana mahali pamoja, pale Turrentine anapoingia, kwa sababu mtu alikuwa akiinua sindano na kuirudisha hapo, tena na tena, kwa mkono usiotulia. Mwalimu alikuwa na zaidi ya sahani elfu moja, na hakuna hata moja aliyokuwa ameirudisha mahali pamoja namna ile.

Zikapita wiki tatu. Alirudi kwa yule bibi na bahasha yenye fedha, akamweleza bila kupamba kwamba sahani moja ilikuwa na thamani kubwa naye aliijua siku ile ile. Bibi alihesabu noti polepole, akazitia mfukoni mwa aproni. Hakukasirika, wala hakumsifu. Aliuliza tu, "Na ile nyingine, ya kaka, umeitupa?"

Hakuwa ameitupa. Jumamosi iliyofuata aliileta, pamoja na santuri ndogo, kwa maana ya marehemu ilikuwa imekwisha kuuzwa. Waliiweka juu ya meza ya jikoni. Kinanda kikaanza mwendo wake wa kutojali, bibi akatikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba. Saksafoni ilipoingia, sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka tena.

"Weka senti juu yake," bibi alisema bila kufumbua macho. "Ndivyo alivyofanya."

Mkusanyaji yeyote ajua kwamba sarafu juu ya mkono wa santuri huisaga sahani. Mwalimu alitia mkono mfukoni, akatafuta senti, akaiweka.