Bunduki ya Marehemu na Mnunuzi wa Mbali



Mirathi hufichua yaliyomo ndani ya nyumba. Mtu akiondoka duniani huonekana deni ambalo hakulitaja, hati ya shamba iliyokunjwa ndani ya kitabu, na saa ya mkononi ambayo kila mtoto hudai kuwa aliahidiwa yeye. Sisi watu wa pwani tumezoea kugawa minazi, nyumba, na dhahabu za mabibi zetu. Lakini jamaa zetu wengi siku hizi wanaishi na kuzikwa ughaibuni, na mirathi zao huja na vitu ambavyo wazee wetu hawakuwahi kuulizwa habari zake.

Mume wa mdogo wangu alifariki Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa dereva wa malori, mtu mpole asiyepandisha sauti, na kwa miaka mingi alifuatana na wafanyakazi wenzake kwenda kuwinda kulungu msimu wake ulipofika. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia. Aliacha mke, vijana wawili wa kiume na binti mdogo, akiba kidogo benki, gari, na bunduki moja ya kuwindia iliyofungiwa kabatini. Eda ilipokwisha, mdogo wangu aliamua bunduki ile iuzwe. Hakutaka watoto wake wakue nayo ndani ya nyumba isiyo na baba.

Mwanawe mkubwa, mwenye miaka 22, akaweka tangazo mtandaoni. Hazikupita siku mbili, akajitokeza mnunuzi kutoka jimbo jirani la Indiana, aliyekubali kutoa dola 700 bila kuomba kupunguziwa. Alikuwa na sharti moja tu: bunduki ifungwe vizuri ndani ya kasha, juu yake iandikwe kuwa ni vyombo vya nyumbani, kisha ipelekwe moja kwa moja mlangoni kwake. Habari za kupitia dukani hakuzitaka. Mdogo wangu alinipigia simu, kwao ni jioni, kwetu ni usiku wa manane, akaniuliza: “Dada, hili lina ubaya gani? Kitu ni chetu, mtu anakitaka, na pesa ni za mayatima.”

Niliona kwamba swali lake linastahili jibu lenye uzito kuliko kumwambia tu kwamba naogopa. Siku zilizofuata mimi na mwanangu yule tulikaa kwenye simu tukaisoma sheria ya nchi anayoishi, kifungu baada ya kifungu, na yaliyomo ndiyo haya.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani haimruhusu raia asiye na leseni ya biashara ya silaha kumuuzia wala kumpelekea bunduki raia mwingine asiye na leseni anayeishi jimbo jingine. Bunduki ni lazima ipelekwe kwa mfanyabiashara mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi. Mnunuzi huenda pale mwenyewe, huonyesha kitambulisho, hujaza fomu namba 4473, na mfanyabiashara huuliza mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI kama mtu huyo amekatazwa silaha. Fomu ile humuuliza, miongoni mwa mengine, kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, na kama iko amri ya mahakama inayomzuia kumsumbua mwenzi wake. Akikubaliwa ndipo hukabidhiwa. Anayeivunja sheria hii kwa kusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Kusafirisha kwenyewe si jambo lililokatazwa kabisa. Posta ya Marekani humruhusu raia kutuma bunduki ndefu kama ile, ikiwa haina risasi, kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Tena sheria hiyo hiyo imewaachia mlango warithi: lau marehemu angekuwa na mtoto mtu mzima anayeishi Indiana, bunduki ingeweza kumfikia kwa njia ya urithi bila kupita dukani, maadamu si mtu aliyekatazwa silaha. Warithi wanajulikana kwa nasaba. Mnunuzi yule hatukumjua ila kwa jina alilojiandikia mwenyewe.

Masharti haya yana historia ya msiba. Mwezi wa Machi 1963, mtu mmoja alikata kijikaratasi cha kuagizia bidhaa katika jarida la wapenda bunduki, akakituma kwa duka la Klein's mjini Chicago pamoja na dola 21 na senti 45, gharama ya posta ikiwa ndani. Alijiandika kwa jina la uongo, A. Hidell, na bunduki ikapelekwa kwenye sanduku la posta mjini Dallas. Jina lake la kweli lilikuwa Lee Harvey Oswald, na ni bunduki hiyo iliyotumika tarehe 22 Novemba mwaka ule kumuua Rais John F. Kennedy. Duka halikuvunja sheria yoyote. Lilipokea pesa, likafunga kifurushi, likakituma. Bunge la Marekani lilichukua miaka 5, na lilishuhudia mwaka 1968 Martin Luther King na Robert Kennedy nao wakiuawa kwa risasi, ndipo likapitisha sheria iliyokomesha bunduki kuvuka mipaka ya majimbo kwa mtindo ule. Ukaguzi wa mnunuzi ulikuja kwa sheria ya mwaka 1993, iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa pamoja na rais wake mwaka 1981 akabaki na ulemavu. Mfumo wa sasa wa kuuliza na kujibiwa papo hapo ulianza Novemba 1998.

Mwanangu aliposikia hayo aliridhika kuhusu yule wa Indiana, lakini akaleta hoja ya pili, na ilikuwa hoja nzito. “Mama mkubwa,” akaniambia, “yupo mtu wa hapa hapa Columbus anayetoa dola 600 taslimu. Wote wawili ni wakaazi wa Ohio. Sheria haimlazimishi kwenda dukani. Tukutane naye mahali, tumpe, atupe, tuachane.” Alisema kweli. Sheria ya serikali kuu haidai ukaguzi katika mauzo ya raia kwa raia ndani ya jimbo moja. Yako majimbo, kama vile California na Colorado, yaliyoweka sharti hilo yenyewe. Ohio si mojawapo. Linalotakiwa kwa muuzaji ni kwamba asimuuzie mtu ambaye anajua, au ana sababu ya kuamini, kuwa amekatazwa silaha. Na utajuaje kuhusu mtu uliyekutana naye kwa nusu saa?

Nikamweleza habari za mji wa Brookfield, jimbo la Wisconsin. Mwezi wa Oktoba 2012, mwanamke mmoja aliyekuwa akiteswa na mumewe alikwenda mahakamani akapata amri ya kumlinda. Amri ile ilimkataza mume asimkaribie, na ilimkataza kumiliki silaha. Lau mtu huyo angeingia dukani, jina lake lingezuiwa. Hakuingia dukani. Alitafuta mtandaoni tangazo la raia mwenzake, wakakutana, akalipa taslimu na akaondoka na bastola. Siku iliyofuata, tarehe 21, aliingia katika saluni alimokuwa akifanya kazi mkewe, akawaua wanawake watatu, mkewe akiwa mmoja wao, akawajeruhi wengine wanne, kisha akajiua. Binti wa marehemu aliushtaki mtandao uliobeba tangazo lile, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kwamba kesi hiyo haiwezi kuendelea.

Akina mama wenzangu, habari hii naiandika mahususi kwenu. Mwanamke yule alifanya kila tunalowashauri mabinti zetu wafanye. Aliondoka, alisema, alikwenda mbele ya hakimu, akapewa karatasi yenye nguvu ya sheria. Kilichobakia ni mtu mmoja tu wa kuisoma karatasi ile kabla ya bastola kutoka mkono hadi mkono, na mtu huyo hakuwapo. Muuzaji hakuwa na uadui naye, wala pengine hakujua kama yuko duniani.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mdogo wangu. Ubaya wa kasha lile haukuwa katika kasha, wala haukuwa katika bunduki ambayo shemeji yangu aliitumia miaka mingi bila kumdhuru mtu. Ubaya ulikuwa katika kuondolewa kwa shahidi. Sisi hatuozi bila mashahidi, na deni tumehimizwa tuliandike mbele ya watu wawili, kwa sababu haki ya mtu asiyekuwapo inahitaji jicho la kuiangalia. Silaha ina asiyekuwapo wake pia, naye ni yule itakayemwelekea kesho. Mtume (s.a.w.) alikataza upanga kukabidhiwa mtu ukiwa nje ya ala, na aliyepita msikitini au sokoni akiwa na mishale aliamrishwa azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Mafunzo hayo yanahusu namna ya kukabidhi, na kukabidhi ndiko tulikoulizwa sisi.

Mwanangu akamwandikia yule wa Indiana kwa adabu, kwamba bunduki itatumwa kwa duka lolote lenye leseni atakalolichagua mwenyewe katika mji wake, na ada ya duka tutailipa sisi. Hakujibu tena. Simdhanii mabaya mtu nisiyemjua. Huenda alichoshwa na fomu tu. Yule wa Columbus naye aliombwa wakutane mbele ya mfanyabiashara mwenye leseni, ambaye kwa ada ndogo angemkagua kama anavyowakagua wateja wake. Alisema hana nafasi.

Kulikuwa na shauri la tatu, kutoka kwa jamaa aliyesema bunduki ivuliwe vipande vipande, ifichwe katikati ya magodoro ndani ya kontena linalokuja Mombasa, kwa kuwa huku ina bei. Shauri hilo halikujadiliwa. Kutoa bunduki Marekani bila kibali ni kosa, kuiingiza Kenya bila kibali ni kosa jingine, na huku kwetu raia hamiliki silaha bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Tena sisi tunaoishi pwani hii tunajua silaha zinazoingia kimyakimya huishia mikononi mwa nani, na ni nyumba za nani zinazolia.

Mwishowe bunduki ilinunuliwa na mwenye duka la silaha mjini Columbus, mwenye leseni, kwa dola 400. Mwanangu alihesabu hasara ya dola 300 na hakuificha huzuni yake, kwa kuwa kodi ya nyumba sasa iko mabegani mwake. Sikumlaumu. Nilimwambia tu kwamba bei ya 700 haikuwa yetu kamwe, kwani ndani yake mlikuwa na malipo ya kunyamaza. Pesa ziligawanywa kwa mujibu wa faraidhi: mjane thumni, yaani dola 50, kila kijana dola 140, binti dola 70. Mdogo wangu akamwongezea binti fungu lake lote la 50, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo.

Wasomaji wenye ndugu na watoto Marekani, nawaomba jambo moja. Mnapozungumza nao kuhusu wasia, msiishie kwenye nyumba na akaunti za benki. Waulizeni bila haya: ndani ya nyumba yenu mna silaha? Imefungiwa wapi, na ufunguo ana nani? Na siku mwenyewe akiondoka, nani ataipokea, na mbele ya nani?