Wenzi wa Ngao

Mtu huianza safari ya maisha pamoja na watu asiowachagua. Hakumchagua baba wala mama, hakuwachagua ndugu wala majirani, na aghalabu hakuichagua hata dini aliyozaliwa ndani yake. Lakini afikapo umri wa miaka 14 au 15 huanza kutazama huku na huku akiwatafuta walio wake mwenyewe. Wakati huo neno la mtu wa hirimu yake humwingia moyoni kuliko hotuba ya mzee, na kicheko cha rafiki humwuma kuliko fimbo ya mwalimu. Wazee wengi huuogopa umri huu. Wenye busara huutumia. Makanisa yameutumia kwa kuunda vikundi vya vijana, na jambo hili lastahili kufikiriwa, kwa kuwa wako watu wazima wengi ambao imani yao na usuhuba wao vilizaliwa pamoja, katika chumba kimoja, mbele ya benchi moja.

Hudhaniwa kuwa kilichowadumisha watu hao ni mafundisho. Hapana shaka mafundisho yana sehemu yake, wala hapana mjenzi adharauye msingi. Lakini mwulize mtu wa miaka 50 akueleze aliyofundishwa alipojiandaa kwa kipaimara, naye atakupa vipande vipande, kama mtu akusanyaye vigae vya mtungi uliovunjika. Mwulize ni nani aliyekaa mkono wake wa kushoto siku zile: atakujibu kabla hujamaliza swali, na pengine atataja na rangi ya shati. Akili imesahau somo, moyo haukumsahau mwenzi. Basi lazima pawe na kitu katika ule wenzi ambacho kiliibeba imani mpaka ng'ambo, mahali ambapo somo peke yake lisingefika.

Kitu hicho watu wa Kilimanjaro walikijua kabla ya kanisa. Zamani miongoni mwa Wachaga vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja, na rika lilikuwa kifungo cha maisha: kulindana vitani, kusaidiana kazini, kuonyana katika mwenendo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi mlimani huko mwaka 1893, na mwaka 1902 akaja miongoni mwao Bruno Gutmann. Alikaa mpaka 1938, isipokuwa miaka ile aliyorudishwa kwao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wakati wake waliyaona mambo ya rika kuwa kichaka cha kufyekwa. Yeye aliyaona kuwa mti wa kupandikiziwa. Aliuchukua ule ushirika wa vijana wa kulindana, alioutaja kwa jina la ngao, akauingiza katika malezi ya kipaimara: vijana wafungwe pamoja katika vikundi vidogo, kila mmoja awajibike kwa mwenzake mbele ya Mungu na mbele ya watu. Wako waliomlaumu kwamba aliyatukuza mno mambo ya kale, na lawama hiyo ina haki yake, maana wenyeji walitaka shule na dunia mpya pia. Lakini katika hili la vijana alitambua siri moja kubwa: ngao hushikwa na mmoja, ikamkinga wa pili.

Siku hizi, katika sharika nyingi za Kilutheri za Tanzania, kazi ya rika imeshikwa na kwaya ya vijana. Apitaye nje husikia nyimbo tu, akadhani ni kikundi cha waimbaji. Aliye ndani ajua kuwa ni nchi ndogo yenye serikali yake. Yuko mwenyekiti, yuko katibu, yuko mwekahazina wa miaka 16 ambaye kwa mara ya kwanza maishani ameshika fedha zisizo zake, akajifunza kulala usingizi mwepesi. Iko faini ya kuchelewa. Iko sare, ambayo humfanya mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mjane wasimame mstari mmoja bila ya kutambuliwa. Mwalimu hufundisha kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kisha huzikutanisha. Na hapo kijana huona kwa masikio yake kwamba sauti aliyoichukia kwa unyonge wake ndiyo iliyokuwa ikingojwa na nyingine zote.

Juu ya hayo yote liko daftari la mahudhurio. Ni kitu kidogo, pengine gamba lake limeraruka, lakini humo ndimo ilimo nguvu ya kikundi. Jina lisilotiwa alama mara mbili huulizwa, mgonjwa huendewa, aliyefiwa huimbiwa. Kijana huambiwa kila Jumapili kwamba Mungu amjua kwa jina. Ni neno kubwa, nalo huelea juu ya kichwa chake kama wingu, mpaka siku anapokosa mazoezi, na jioni akasikia hodi mlangoni, kumbe ni wenzake watatu wamekuja kumtazama. Tangu siku hiyo wingu limenyesha. Amesadiki kwamba ajulikana mbinguni kwa kuwa amekwisha kuona kwamba ajulikana duniani.

Jambo hili si la mlima mmoja wala la kanisa moja. Wakatoliki wa Tanzania wanao utume wa vijana uitwao VIWAWA, na mizizi yake iko mbali, katika nchi ya Ubelgiji. Huko alizaliwa Joseph Cardijn mwaka 1882. Alipokwenda kusomea upadre, wenziwe wa utotoni walikwenda viwandani. Na aliporudi likizo aliwakuta wamebadilika, wakimtazama kama mtu aliyehamia upande wa adui. Jeraha la kupoteza marafiki ndilo lililomfanya awe mtu aliyekuwa. Mwaka 1912 alipelekwa kutumikia parokia ya Laeken, katika jiji la Brussels, akaanza kukusanya vijana wa kazi. Na mwaka 1925 chama chao kikasimama rasmi. Hakutaka padre ahubiri na vijana wasikilize. Alitaka kijana mfanyakazi awe mtume kwa kijana mfanyakazi mwenzake, kwa njia ya maneno matatu: ona, amua, tenda. Miongoni mwa vijana watatu walioanza naye walikuwamo Fernand Tonnet na Paul Garcet. Katika Vita Kuu ya Pili wote wawili walikamatwa na Wajerumani, na mwanzoni mwa mwaka 1945 wote wawili walikufa katika kambi ya Dachau. Cardijn alifanywa kadinali mwaka 1965, akafa mwaka 1967. Lakini kofia nyekundu haikushuhudia kazi yake kwa nguvu kama wale wawili, ambao walianza pamoja katika ujana na hawakuachana mpaka mwisho.

Hata hivyo haifai kusifu mno. Kikundi kijuacho kuhesabu chajua na kufuta. Mlango uwafungiao watu ndani joto ndio uwaachao wengine nje na baridi. Kijana asiyejua kuimba, asiye na fedha ya sare, aulizaye maswali magumu, huweza kuona kwamba daftari halina nafasi ya jina lake. Na wako waliodhani wamempenda Mungu, kumbe walipenda kundi. Kundi lilipotawanyika, huyu mjini, huyu masomoni, huyu kwenye ndoa, walitafuta imani yao wakaikosa. Hoja hii ni nzito, wala haiondolewi kwa maneno. Yafaa itiwe kwenye mizani pamoja na kisa kimoja.

Katika usharika mmoja wa mlimani, mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuwako wasichana wawili wa sauti ya pili, waliosimama bega kwa bega. Mmoja wao, akiwa na miaka 17, alionekana ana mimba. Aliwekwa chini ya marudi, na jina lake likapigwa mstari kwa wino mwekundu. Kijana aliyehusika hakutajwa. Aliendelea kuimba sauti ya nne, na Jumapili ile wimbo ulisikika mzuri kama kawaida. Hayo ndiyo yaliyotendwa na kikundi. Lakini yule mwenzi alitenda jingine. Kila Alhamisi, mazoezi yalipokwisha, hakushika njia ya kwao. Alikata kihambani kati ya migomba, akafika nyuma ya jiko alipokaa mwenzake akimenya ndizi, akamwimbia sauti ya pili ya wimbo mpya, mstari kwa mstari, mpaka akaujua. Hakumtaja Mungu, hakutaja dhambi wala msamaha. Hakutumwa na mtu. Mwaka uliofuata mama mdogo yule aliporudishwa kundini mbele ya usharika, akaja mazoezini na mtoto mgongoni, mwalimu wa kwaya alistaajabu kuona hapana wimbo asioujua.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Aliyekuwa amefutwa alibaki mlimani, akawa mkulima na mzee wa kanisa. Mwenzake alikwenda Dar es Salaam, akaolewa, akapata kazi hospitalini. Huko alifiwa na mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 19, na baada ya matanga hakukanyaga tena kanisani. Waliokuja kumfariji na aya za maandiko aliwashukuru, akafunga mlango. Basi Alhamisi moja, jioni, simu yake ya mkononi ililia. Sauti ya upande wa pili haikumhubiri. Ilimwuliza kama amekula, ikamwambia kwamba ndizi za mwaka huu ni ndogo, kisha ikaimba ubeti mmoja wa wimbo wa zamani, kwa sauti ya pili, bila ya ya kwanza. Alhamisi iliyofuata simu ikalia tena. Hivyo imekuwa kwa miaka mingi sasa. Mama yule wa Dar es Salaam hajarudi kanisani. Lakini Alhamisi simu ikichelewa, hupiga yeye. Na mwenzake akianza ubeti, hupokea.

Je, imani ya mama huyu imekufa au inaishi? Mwenye haraka atasema imekufa, kwa kuwa hahesabiwi tena Jumapili katika nyumba ya ibada. Lakini ngao haikufanywa kwa ajili ya mikono ya aishikaye tu. Yako majira katika maisha ambapo mtu hawezi kusadiki kwa nafsi yake, wala hawezi kuomba; na hapo imani yake hutunzwa na mwingine, kama fedha zilivyotunzwa na mwekahazina wa miaka 16, mpaka mwenyewe atakapoweza kuzidai. Mmoja alimwekea mwenzake nyimbo wakati kanisa lilipomfungia mlango. Mwenzake sasa amwekea yeye wakati alipoufunga mlango kwa mkono wake.

Hapo ndipo kipimo cha kikundi cha vijana kilipo. Hakipimwi kwa wingi wa vikombe vya mashindano ya kwaya, wala kwa uzuri wa sare, wala kwa idadi ya majina daftarini. Hupimwa miaka 30 baadaye, daftari limekwisha kuliwa na mchwa na jengo limeezekwa upya, kwa kuuliza swali moja: yuko bado mtu aonaye kwamba jina fulani halikutiwa alama, akaondoka kwenda kulitafuta?