Prosesa Imeingia, Sawa. Lakini Madabodi Imekubali?

Wacha nianze na jibu ndio wenye haraka waende zao: ndiyo, madabodi ya zamani inaweza kubeba prosesa yenye basi la kasi zaidi. Wakati mwingine. Lakini anayeamua si soketi. Soketi ikitoshea, imetoshea tu, hakuna kingine imekuambia.

Naandika hii kwa sababu ya kijana mmoja wa ploti yetu. Amemaliza fomu foo, ana kompyuta ya mezani, zile zinatolewa ofisini ng'ambo zinaishia kwa maduka ya tauni, na anataka kuediti video za mechi za mtaani alipwe. Alikuwa na elfu nne. Pesa yenyewe mamake aliitoa kwa chama, so si pesa ya kuchezea. Kuna duka lilikuwa limeshampigia hesabu: Core 2 Duo E8400, kuiwekewa, na "servisi" juu, yote elfu nne. "Hiyo yako ni 775, hii ni 775. Inaingia tu, kijana." Na ukutani kuna karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudi. Akanipigia akiwa hapo hapo. "Brathe, nichukue?"

Nilimwambia atoke kwanza, arudi nyumbani, afungue CPU-Z. Ni programu ya bure. Sehemu ya madabodi inakuonyesha jina la chipseti. Yake ilisoma 945G. Hapo nikajua elfu nne imepona.

Basi ninalosema hapa si la kwenda Rongai. Prosesa za Intel za enzi hiyo hazikuongea na RAM moja kwa moja. Zilipitia chip nyingine kubwa kwa madabodi, ile imefunikwa na kichuma cha kupoza. Njia kati ya prosesa na hiyo chip ndiyo inaitwa FSB. Kwa kila pigo moja, data inapita mara nne. Ndio maana pigo la megahezi 200 linaandikwa 800, la 266 linaandikwa 1066, na la 333 linaandikwa 1333. Halafu prosesa inachukua pigo hilo na kulizidisha kwa namba yake. E8400 inazidisha kwa 9: 333 mara 9, unapata gigahezi 3. Hiyo 9 Intel waliifunga, huwezi kuipandisha.

Sasa, 945G ilitoka 2005 na mwisho wake rasmi ni 1066. E8400 ilitoka 2008 na inadai 1333. Ukiziweka pamoja, mara nyingi utaona skrini nyeusi na feni zinazunguka bila kazi. Ukibahatika, madabodi itashusha pigo hadi 266, na 266 mara 9 ni gigahezi 2.4. Umelipa nauli ya kufika Nakuru ukashushwa Naivasha. Na hata hiyo bahati inategemea BIOS iwe inaitambua prosesa, na saketi za umeme za madabodi ziweze kutoa volti ambayo prosesa inaomba. Kuna madabodi za 945 ambazo hazikubali Core 2 yoyote, na soketi ni ile ile 775.

Najua kuna msee ataniambia yeye ameona 945 ikikimbia 1333. Ni kweli. ASRock waliuza madabodi inaitwa ConRoe1333-D667, chipseti yake ni 945GC, na hiyo 1333 iko kwa jina lenyewe. Walichofanya ni kuisukuma chipseti kupita kipimo chake, na wakaipa BIOS ya kuhimili hayo. Ya ofisi haina hiyo kitu. BIOS za HP na Dell za ofisi hazikupi hata mahali pa kugusa pigo.

Hii mambo ya kusukuma ni ya kitambo. Mwaka wa 1998 Intel walitoa chipseti ya 440BX, mwisho wake rasmi ukiwa megahezi 100. Watu wakaipeleka 133 na chip yenyewe ikatulia kabisa. Shida ilikuwa majirani. Sloti ya AGP ya kadi ya picha ilifaa kukimbia 66, lakini BX haikuwa na njia ya kuigawa vizuri pigo likiwa 133, so AGP ikajikuta iko 89. Kadi zingine zilivumilia, zingine ziliganda katikati ya gemu. Kwa hivyo mtu akiuliza kama madabodi inaweza, mimi huuliza: na vitu vilivyoshikana nayo?

RAM ni hivyo hivyo. Kwa madabodi nyingi za 775, ukipandisha pigo, RAM inapanda nalo. DDR2 ya 533 imetengenezewa 266. Ipeleke 333 uone kama haitaanza kukuletea skrini za bluu usiku wa dedilaini.

Yangu mimi niliisukuma kwa kipande cha tepu. Si mzaha. Prosesa za 775 zinaambia madabodi pigo gani zinataka kupitia pini chache zinazoitwa BSEL. Ukifunika ile inayofaa, madabodi inadhani imewekewa prosesa ya basi la juu. E2160 yangu ilikuwa 200 mara 9, gigahezi 1.8. Baada ya tepu, 266 mara 9, 2.4. Lakini angalia mahali nilikuwa: chipseti yangu ni ya familia ya 965, ambayo 1066 ni haki yake. Niliidanganya prosesa, chipseti sikuidanganya. Hiyo ndio tofauti kati ya ujanja na kubahatisha.

Kurudi kwa kijana. Alikuwa na Pentium D 820, gigahezi 2.8, basi la 800. Tukatafuta orodha ya prosesa ya mtengenezaji wa madabodi yake, tukaipata E6600: basi la 1066, gigahezi 2.4. Akakunja uso, "Sasa si hiyo inashuka?" Gigahezi za Pentium D ni kelele tu, inakula umeme kama pasi. E6600 inafanya kazi zaidi kwa kila pigo. Aliipata kwa mia saba, nyingine ikaenda kwa SSD na RAM ya kufika giga 4, mwisho wa hiyo 945G.

Kuna wale watasema hiyo yote ni takataka, anunue mashine mpya. Nawaelewa. Windows 10 ilikata sapoti Oktoba 2025, na Windows 11 kuanzia 24H2 haiwaki kabisa kwa Core 2. Yake inatumia Linux na Kdenlive, video za 720, na anangoja. Ungekuwa na elfu kumi na kitu ningekuambia uruke 775 yote uende Core i5 ya mitumba, huko FSB haipo tena. Intel walianza kuiondoa 2008. Lakini kumwambia mtu wa elfu nne anunue ya elfu kumi na tano si ushauri, ni kujiskia. Na usiniambie kuhusu shahada, chuo niliacha mwaka wa pili na hesabu ya 266 mara 9 haiitishi cheti.

So ukiniandikia, usinitumie picha ya soketi. Nitumie jina la chipseti, toleo la BIOS, na ile namba imeandikwa kwa stika ya RAM. Kama ni HP au Dell ya ofisi, ongeza modeli kamili. Na uniandikie ukiwa nyumbani, si ukiwa umesimama kwa kaunta na pesa mkononi.